Maji tunayotawadhia: Vipimo vyake tumuulize nani?

SIFA njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola aliyetubainishia katika Suratul Anbiyaa aya ya 30 kuwa kila kilicho hai asili yake ni maji. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, masahaba zake na wote wanaofuata nyayo zao.

Ndugu zangu Waislamu, masika yaliyopita nilikuwa nasomesha darasa la vijana baada ya Alasiri katika msikiti mmoja hapa Dar es Salaam. Tulikuwa katika mlango wa maji wa Safinatun Najaa, kitabu ambacho wengi wetu tulikipitia madrasa tungali wadogo. Nikawaeleza vijana kama nilivyoelezwa mimi: kwamba maji machache, yaani yasiyofika kulateni, yakiingiwa na najisi yananajisika hata kama hayakubadilika, na maji mengi, yaliyofika kulateni na kuendelea, hayanajisiki mpaka ibadilike rangi yake, ladha yake au harufu yake. Nikawaambia kuwa kwa vipimo vya leo kulateni hukadiriwa kuwa lita 200 hivi, na wapo wanaozidisha kidogo. Tangi la msikiti ule ni la lita 5,000. Kwa hiyo, nikahitimisha kwa kujiamini, maji yetu ni mengi, hayana rangi wala harufu, tutawadhe bila ya wasiwasi.

Kijana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono. Akasema: "Ustadhi, samahani. Kama maji haya ni safi, mbona mdogo wangu anayekunywa hapa kila siku akitoka madrasa amelazwa na homa ya matumbo?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia tutalizungumza wiki ijayo, jibu ambalo sisi walimu hulitumia tunapobanwa.

Mimi si daktari, na sidai kuwa maradhi ya mtoto yule yalitoka kwenye tangi letu. Huenda ni maji ya kandoro aliyonunua shuleni, huenda ni embe asiloosha. Lakini nilipotoka darasani swali lilinifuata mpaka nyumbani. Maji yale yanatoka kwenye kisima kirefu kilichochimbwa uani kwa msikiti, na nyumba za jirani zimebanana, kila moja na shimo lake la choo. Nani anajua kilichomo ndani yake? Yamepimwa lini? Karatasi ya vipimo iko wapi? Na yale ya bomba yanayotoka ng'ambo ya barabara, nani anayo karatasi yake?

Tuanze na fiqhi, kwa sababu najua wapo watakaosema ustadhi ameacha dini ameingia kwenye mambo ya mabomba.

Alama tatu zile, rangi, ladha na harufu, ni alama za tohara. Ni rehema ya Allah (S.W.) kwa umma huu kwamba bedui jangwani, bibi kizee shambani na mhandisi mjini wote wanaweza kuijua hukumu ya maji kwa macho, ulimi na pua. Lakini mafaqihi wetu hawakusema kuwa kila maji yanayotoharisha ni salama kwa mwili. Chukua mfano ambao kila aliyesoma fiqhi ya Kishafii anaujua, maji mushammas, yaani yaliyopashwa moto na jua ndani ya vyombo vya madini katika nchi za joto. Maji hayo ni twahara na yanatoharisha. Hata hivyo vitabu vimeyahesabu kuwa ni makuruhu kuyatumia mwilini, na Imamu Shafii (R.A.) mwenyewe katika Al-Umm amebainisha kuwa hayachukii isipokuwa kwa upande wa tiba. Waliokuja baadaye wamejadiliana sana kama madhara hayo yapo au hayapo, na Imamu Nawawi ni miongoni mwa walioona hayana ushahidi. Mimi simo katika mjadala huo. Ninachotaka ukione, ndugu msomaji, ni kwamba tangu karne zile wanazuoni walijua kuwa tohara ni suala moja na madhara ni suala jingine, na kwamba hilo la pili huulizwa watu wa tiba.

Tuje karibu zaidi. Mwaka 1978 (1398 Hijria) Baraza la Wanazuoni Wakubwa la Saudi Arabia lilitoa uamuzi kuhusu majitaka yaliyosafishwa kwa mitambo. Waliona kuwa yakisafishwa kikamilifu hata isibaki athari ya najisi katika rangi, ladha wala harufu, yanafaa kwa tohara. Ama kuyanywa, wakaweka sharti la afya, kwamba yasiwe na madhara kwa mwenye kunywa. Na yote hayo waliyajenga juu ya ushahidi wa wataalamu waaminifu wenye kuijua kazi hiyo. Maana yake ni nini? Fatwa ile imesimama juu ya karatasi ya maabara. Ukiiondoa karatasi, fatwa haina mguu wa kusimamia. Sasa kama wanazuoni wakubwa hawakuona aibu kuegemea vipimo, sisi wa Manzese, Temeke na Buguruni tunaona aibu ya nini kuviomba?

Na vipimo vyenyewe si siri ya wataalamu. Ukichukua mililita 100 za maji ya kunywa, kiasi cha nusu kikombe, ukayapeleka maabara, kiwango kinataka kusionekane hata kijidudu kimoja cha E. coli. Kijidudu hicho makazi yake ni utumbo wa binadamu na wanyama wenye damu ya moto. Kikionekana kwenye maji, basi kinyesi kimefika humo kwa njia moja au nyingine, hata kama maji yanang'aa kama kioo. Kipimo kingine ni masalia ya klorini, yaani dawa iliyobakia katika maji baada ya kufanya kazi. Shirika la Afya Duniani linataka maji yanapofika kwa mtumiaji yawe bado na angalau miligramu 0.2 kwa lita, ili vijidudu vinavyoingia njiani kupitia bomba lililopasuka visipate nafasi. Ipo pia nitrati, ambayo haina rangi wala ladha, na hupatikana sana kwenye visima vilivyo karibu na vyoo. Kiwango chake kisizidi miligramu 50 kwa lita. Ama majitaka, kabla hayajamwagwa mtoni hupimwa kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu vinahitaji ili kuuozesha uchafu uliobaki ndani yake. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo uchafu ulivyo mwingi, na kiwango cha Tanzania hakiruhusu kuzidi miligramu 30 kwa lita.

Pua yako haiwezi kukwambia lolote katika hayo.

Kwa wakazi wa jiji hili jambo hili si nadharia. Agosti 2015 kipindupindu kililipuka hapa Dar es Salaam, kikasambaa karibu nchi nzima. Mpaka kufikia katikati ya mwaka 2016 waliougua Tanzania Bara walishazidi 20,000 na waliokufa walizidi 300. Nani asiyekumbuka ndoo za klorini milangoni na mama lishe waliofungiwa biashara? Na nani asiyejua kuwa mvua ikinyesha wapo miongoni mwetu wanaotapisha vyoo usiku, kinyesi kikaelekea mtaroni na kutoka mtaroni kikaelekea Msimbazi? Mtume (S.A.W.) ametuonya na mambo matatu yanayoleta laana, kama ilivyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Muadh (R.A.): kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, katikati ya njia na kwenye kivuli. Anayefungulia choo chake mvua ikinyesha amekusanya mawili kati ya hayo matatu kwa usiku mmoja, naye asubuhi anaswali safu ya mbele.

Sasa tazama tunavyoliendea jambo lenyewe. Maji yakitoka na rangi ya chai, au watoto wawili wakiharisha mtaa mmoja, jambo la kwanza ni ujumbe kwenye WhatsApp. "Jamani maji ya bomba yana sumu, sambaza kwa wenzako." Anayesambaza hajui ujumbe umetoka mtaa gani wala mwaka gani. Katika Suratun Nisaa aya ya 83 Allah (S.W.) amewakemea watu ambao likiwafikia jambo la amani au la khofu hulitangaza, na akatuelekeza kuwa lau wangelirejesha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka, wale wenye uwezo wa kulichunguza wangelijua ukweli wake. Aya hii inazungumza na pande mbili. Wengi huisoma kwa kumwambia raia, usitangaze, na kwa hakika ndivyo. Lakini inamwelekea pia mwenye mamlaka, kwa kuwa jambo likirejeshwa kwake halirejeshwi ili alifungie kabatini, bali alichunguze na ukweli ujulikane. Raia akinyimwa ukweli, uvumi ndio utakaomjibu.

Katika sura hiyohiyo aya ya 58 tumeamrishwa kurejesha amana kwa wenyewe. Huwa tunaifahamu kwa fedha za yatima na mzigo wa jirani. Je, karatasi ya vipimo vya maji ni ya nani? Aliyepimiwa ni wewe. Aliyelipia, kupitia ankara ya maji na kodi, ni wewe. Anayekunywa ni mwanao. Mtumishi wa umma aliyeishika ameishika kwa niaba yako, na ukiiomba unaomba kilicho chako. Kuificha, kwa mtu anayejua kuwa ndani yake kuna madhara ya watu, kunaingia katika kuficha ushahidi, jambo ambalo Suratul Baqara aya ya 283 imelihesabu kuwa ni dhambi ya moyo.

Sheria za nchi nazo haziko mbali na hapo. Katiba, ibara ya 18, inampa raia haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake. Mwaka 2016 ikapitishwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, namba 6. Kwa mujibu wa sheria hii raia anaandika maombi kwa taasisi yenye taarifa, na taasisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Ukikataliwa unaweza kuomba mkuu wa taasisi aupitie uamuzi ule, na usiporidhika unakwenda kwa Waziri. Unaweza kutakiwa kulipia gharama ya kutoa nakala. Na tahadhari: sheria hiyohiyo imeweka adhabu ya jela kwa atakayeipotosha taarifa aliyopewa. Muislamu haimpi taabu hiyo, kwani uongo ulikuwa haramu kwake kabla Bunge halijakaa.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Nilikwenda ofisi moja ya umma, sitaitaja, nikiwa mikono mitupu. Kijana wa mapokezi akaniuliza kama mimi ni mwandishi wa habari. Nikamwambia hapana, ni mwalimu wa dini. Akashangaa, "Sasa ustadhi, vipimo vya maji vya nini tena?" Akaniambia nirudi Jumatatu. Jumatatu nikaambiwa mhusika yuko semina. Mara ya tatu nikaambiwa lete barua, nami nikatoka nikinung'unika kwamba watu hawa wanatuzungusha kwa makusudi.

Usiku ule nilijihesabu nikaona kosa kubwa lilikuwa langu. Nilikuwa nauliza, "Maji yetu ni salama?" Swali la namna hiyo lina jibu moja tu duniani, "Salama kabisa shehe, usiwe na shaka." Nikakaa nikaandika barua. Nikataja jina langu, mtaa wangu na kuwa mimi ni raia. Nikaomba matokeo ya vipimo vya maji ya bomba kwa kata yetu tangu Januari hadi Juni, sampuli moja moja: ilichukuliwa tarehe gani na mahali gani, E. coli ngapi, masalia ya klorini kiasi gani, maabara ipi ilipima, na pale kiwango kilipokiukwa hatua gani ilichukuliwa. Nikaomba pia vipimo vya majitaka yanayotoka kwenye mabwawa kabla hayajaingia mtoni. Nikataja ile sheria, bila ya vitisho, maana Musa na Haruni (A.S.) walitumwa kwa Firauni na bado wakaamrishwa waseme naye kwa upole, sembuse mimi kwa karani mwenye watoto kama wangu. Nikaipeleka na nakala, nakala ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikaihifadhi ndani ya msahafu.

Utaniuliza kwa nini nilikazania sampuli moja moja, wala si muhtasari kwamba asilimia fulani ya maji imefaulu. Nilijifunza kutokana na yaliyowapata watu wa Flint, mji wa watu wapatao 100,000 katika jimbo la Michigan, Marekani. Aprili 2014, kwa ajili ya kubana matumizi, mji ule uliacha kununua maji ya Detroit ukaanza kuyatoa kwenye mto wake wenyewe. Dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe na maji haikutiwa, na risasi iliyomo kwenye mabomba ya zamani ikawa inayeyukia katika maji ya kunywa. Risasi hiyo ni yale madini mazito, na huharibu ubongo wa mtoto. Wananchi walipolalamika, wakajibiwa kuwa maji yamefikia viwango.

Mama mmoja, LeeAnne Walters, hakutosheka na jibu hilo. Yeye na mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Virginia Tech, Marc Edwards, wakafuatilia nyaraka zenyewe kwa kutumia sheria ya nchi yao ya kupata taarifa. Nyaraka zikaonesha kuwa mwaka 2015 mji ulikusanya sampuli 71, lakini katika ripoti ya mwisho zilihesabiwa 69. Mbili zilizoondolewa zilikuwa na risasi nyingi, na moja ilitoka nyumbani kwa mama huyo. Zikiwemo, mji unavuka kikomo cha sehemu 15 kwa bilioni ambacho kingewalazimisha wakubwa kuchukua hatua; zikitolewa, mji umefaulu. Septemba mwaka huo daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, akaweka wazi rekodi za damu za watoto wadogo: wenye risasi ya kupindukia walikuwa asilimia 2.4 kabla ya mabadiliko, wakawa asilimia 4.9. Oktoba maji ya Detroit yakarudishwa. Katika kipindi hicho ugonjwa wa mapafu unaosambazwa na maji ulikuwa umeua watu 12. Nchi yenye maabara kila kona, na bado sampuli mbili zilitoweka katika hesabu. Ndiyo maana nikataka zote.

Kabla sijasema nilijibiwa nini, nizungumze na ndugu yangu anayenong'ona kuwa huku ni kuwapekua viongozi, na Uislamu umekataza upekuzi. Ni kweli Suratul Hujurat aya ya 12 imekataza kupelelezana. Lakini kilichokatazwa ni kuchokonoa aibu za watu walizositiriwa na Mola wao. Maji ya umma si aibu ya mtu. Masimulizi mashuhuri yanaeleza jinsi Umar bin Khattab (R.A.) alivyopanda mimbari akataka watu wasikilize, Salman Al-Farisi (R.A.) akasimama akasema hatusikii mpaka utueleze umepataje vitambaa viwili ilhali kila mmoja wetu amegawiwa kimoja. Umar hakumwita mchochezi. Alimwita mwanawe Abdullah aeleze kuwa alimpa baba yake fungu lake, na hapo Salman akasema sasa tunasikia. Na katika miji ya Kiislamu ya zamani palikuwa na muhtasibu, msimamizi wa masoko. Ibnul Ukhuwwa, aliyefariki mwaka 729 Hijria (1329), ameandika katika kitabu chake cha hisba kuwa hata wachota maji wasimamiwe, waingie mtoni mbali na ukingo na mahali penye uchafu. Kusimamia maji ya watu ilikuwa kazi ya dini kabla mabomba hayajabuniwa.

Basi siku ya 24 nikapigiwa simu. Nikapokewa na mama mmoja mtu mzima. Nikamwamkia, akanikaribisha kiti. Mbele yake palikuwa na karatasi mbili. "Mwalimu," akasema, "miaka yote niliyokaa kwenye meza hii wewe ni wa pili kuniomba hizi. Wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa chuo, alitaka za kuandikia utafiti." Akanieleza mstari kwa mstari. Maji ya bomba kwa sehemu kubwa yalikuwa katika kiwango. Sehemu mbili za mwisho wa laini klorini ilikuwa chini, na pembeni paliandikwa kwa kalamu kuwa bomba lilisafishwa na maji yakapimwa upya. Kuhusu majitaka akaniambia hizo ziko taasisi nyingine, akaniandikia pa kupeleka. Barua hiyo ya pili nimeshaipeleka, na mpaka naandika makala hii siku zake 30 hazijaisha.

Nikamuuliza kuhusu visima. Akavua miwani. "Visima vya watu na taasisi, vipimo hulipia wenyewe. Hapa sina hata kimoja cha kata yenu." Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kwani cha msikitini kwenu mlikipima lini?"

Wallahi, nilihisi joto mpaka masikioni. Kisima chetu kina kibao cha marumaru. Kimeandikwa jina la marehemu aliyekitolea wakfu, tarehe ya kuchimbwa na dua ya kumuombea. Uthman bin Affan (R.A.) aliinunua Bir Ruma akaifanya wakfu ili watu wa Madina wanywe, nasi kila Ijumaa tunawahimiza matajiri wafuate mfano huo. Lakini tangu pampu ilipowashwa siku ya kwanza, hakuna aliyewahi kuyapeleka maji yale maabara.

Nikalifikisha kwenye kamati. Mzee mmoja tunayemheshimu sana akasema, "Ustadhi, tukipima yakaonekana mabaya itakuwaje? Tukifunge? Watu watawadhe wapi? Na familia ya marehemu tutawaeleza nini?" Mwingine akaongeza kuwa ni vizuri tupime, lakini majibu yabaki kwa kamati, yasije yakatuletea fitna. Nikawatazama. Maneno hayohayo, lau yangesemwa na mkurugenzi wa halmashauri, tungeyatolea khutba nzima. Tuliketi mpaka karibu na Isha. Mwishowe mzee yuleyule ndiye aliyesema basi, nipimeni hata mimi kama ni lazima, na mchango wa Ijumaa moja ukatengwa kulipia maabara.

Majibu yalikuja na E. coli. Vijana wakaniuliza udhu wao wa miaka yote umekuwaje, nikalipeleka suala kwa shehe wetu, naye akajibu kwa kauli ya mlango uleule wa Safina, kwamba maji yaliyozidi kulateni na hayakubadilika udhu wake umesihi, hakuna wa kurudia sala. Ama kunywa, akakataza mpaka yatibiwe. Sasa tangi linatiwa klorini kwa maelekezo ya afisa afya, na bomba la kunywea limefungwa kwa waya. Karatasi ya maabara tuliibandika kwenye ubao wa matangazo, chini ya ratiba ya sala. Siku ya pili tuliikuta imebanduliwa, na mpaka leo hatujui nani. Tukabandika nakala nyingine.

Vipimo vya marudio vimeshachukuliwa. Yule kijana wa kidato cha pili, ambaye mdogo wake alhamdulillah ameshapona na amerudi madrasa, kila Alasiri hupita ubaoni kwanza kabla ya kukaa darasani, kisha huniuliza, "Ustadhi, bado hazijaja?"

Wallahu a'alam.